Saimon Alipobaki Bustanini

Kila mwaka siku ya sherehe ya klabu, Benigna Mapunda aliamka na hofu. Alikuwa mwalimu wa kemia, amezoea kusimama mbele za watu, lakini wanafunzi ukiwaambia wanyamaze wananyamaza. Wanachama wa Klabu ya Tujaliane walikuwa watu wazima wenye biashara zao na heshima zao, na yeye, mwenyekiti wao, alishajua kwamba mtu mzima akishaudhika hanyamazishwi kwa kengele.

Klabu ilianzishwa na majirani wachache wa mitaa ya Mjimwema na Lizaboni waliochoka kukutana misibani tu. Walizibua mitaro, walipaka rangi wodi ya wazazi, walipanda maua kwenye bustani ya manispaa. Kila mwisho wa Agosti, mahindi yakiwa yameshaingia ndani na baridi ya Songea imeanza kulegea, walikutana bustanini humo na familia zao, wakala, wakacheza muziki, na mbele ya wote wakakabidhi msaada wa mwaka.

Mwaka huu msaada ulikuwa kiti cha magurudumu, na wa kukipokea alikuwa Saimon Luambano wa Lizaboni. Saimon alikuwa dereva wa bodaboda mpaka lori lilipomgonga kwenye kona ya barabara ya Njombe na kumwacha bila nguvu za miguu. Benigna alipokwenda kumpa habari, Saimon alishukuru vizuri, kisha akauliza kama kiti hakiwezi kuletwa tu hapo nyumbani. Benigna alimweleza kwamba wafadhili hupenda kuona, na kwamba picha huvuta wafadhili wengine. Careen, mke wa Saimon, aliendelea kuchambua mchele bila kuinua uso. Saimon alisema sawa, Mwalimu, kama ndivyo inavyotakiwa.

Siku yenyewe ilianza na ugomvi.

Msimamizi wa chakula alikuwa Sharifa, fundi cherehani wa Mjimwema, mzaliwa wa Nakapanya kule Tunduru aliyeletwa Songea na ndoa. Ni yeye aliyehakikisha mbuzi wamechinjwa na Mwislamu, ili kila mtu ale kutoka sufuria moja bila kuulizana. Kikaoni wote walikuwa wamekubali kwamba kitimoto, nyama ya nguruwe, haitaletwa. Lakini asubuhi hiyo Pankrasi Haule, makamu mwenyekiti, muuza pembejeo mwenye sauti kubwa, alishusha kutoka kwenye bajaji jiko la pipa lililopasuliwa, na beseni lililofunikwa. Hakuna aliyehitaji kufunua ili ajue.

Sharifa hakupandisha sauti. Alimfuata Benigna alipokuwa akipanga viti na kumwambia kwamba kama makubaliano ya kikao hayana maana, aambiwe mapema, achukue masufuria yake aondoke. Nyuma yake wanawake kadhaa walikuwa wameshaanza kukusanya mikoba. Pankrasi naye alisema nyama ni yake na ya rafiki zake wachache, na kwamba bustani ni ya watu wote, si msikiti wala si kanisa. Wageni walikuwa wanaingia getini. Benigna alitafuta njia ya haraka.

"Pankrasi, hilo jiko peleka kule mwisho, kwenye uzio," alisema. "Na sahani za huko zisije huku."

Pankrasi alibeba jiko lake akinung'unika. Sharifa alirudi kwenye masufuria, midomo ameibana. Benigna alijiambia kwamba yamekwisha.

Alichosahau ni maneno ya Bashiru, mtunza bustani. Siku chache kabla, alipokuja kukagua mahali, Bashiru alimwonyesha mkuyu mkubwa ulio karibu na uzio, akamwambia una nyuki kwenye tundu la shina. Wako humo miaka mingi, alisema, hawana neno na mtu asiyewachokoza. Benigna aliitikia kwa kichwa na kuuliza habari za bomba la maji.

Sherehe ilipoanza, vijana wawili walimbeba Saimon kutoka kwenye bajaji na kumweka kwenye kiti kipya. Uwanja ulikuwa na mteremko kidogo, kwa hiyo wakakaza breki za magurudumu. Mpiga picha alitaka mwanga mzuri, akaomba kiti kisogezwe kulia, mbali kidogo na watu, karibu na bango kubwa la turubai lililokuwa na jina la klabu na picha ya Saimon mwenyewe. Saimon alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Aliweka mikono mapajani na kuangalia mbele kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Careen alikuwa kwenye foleni ya chakula na mtoto wao.

Benigna alisimama mezani, karatasi ya hotuba mkononi, mgeni rasmi kando yake. Alikuwa amefika katikati alipoinua macho na kuuona moshi. Pankrasi alikuwa ameliweka jiko chini kabisa ya mkuyu, kivulini. Mafuta yalikuwa yakidondokea makaa, na moshi mzito mweupe ulipanda ukifuata shina mpaka kwenye matawi.

Hapo ndipo maneno ya Bashiru yalipomrudia.

Angeweza kusimamisha hotuba. Angeweza kumtuma mtu amwambie Pankrasi aondoe jiko. Lakini Pankrasi angedhani ametumwa na Sharifa, angejibu kwa ile sauti yake, na yale ya asubuhi yangelipuka upya mbele ya mgeni rasmi. Zilibaki aya mbili. Benigna aliamua kuzimaliza kwanza. Alisoma huku jicho moja likiwa kwenye mkuyu, na maneno yakamtoka bila yeye kuyasikia.

Mzee mmoja mstari wa mbele alijipiga shingoni. Kisha mama mmoja akaruka kutoka kwenye kiti. Kisha ukaja mvumo, na watu wakageukia barabarani wakidhani ni pikipiki nyingi zinakuja. Pankrasi alionekana akikimbia kutoka mtini, akipunga aproni hewani, na katika kukimbia akaligonga jiko likaanguka na makaa yakamwagika kwenye majani makavu. Moshi ukafunika shina lote. Nyuki walishuka kama kitu kimoja.

Watu walikimbia bila kuchagua njia. Viti vilipinduka, watoto walinyakuliwa, mgeni rasmi alimpita kila mtu. Benigna aliiacha meza akakimbilia getini, mikono kichwani, na njia yake ikapita karibu kabisa na kiti cha Saimon. Saimon alikuwa akihangaika na breki. Hakuwa amewahi kufundishwa zinavyofunguliwa.

"Mwalimu!" Saimon aliita.

Benigna alisikia. Alisikia vizuri, na miguu yake haikusimama.

Gari lake, Noah, lilikuwa limeegeshwa nje ya geti. Alipofungua mlango, Sharifa aliingia na binti yake mdogo Zulfa kifuani, na nyuma yake Bibi Aurelia, mkongwe kuliko wanachama wote, akihema. Wakafunga. Nyuki wachache waliokuwa wameingia nao waliuawa kwa ndala. Kisha wakabaki wakipumua na kuangalia nje.

Kupitia kioo Benigna alimwona Careen. Alikuwa ameshatolewa getini, mtoto wao amebebwa na jirani, na wanaume wawili walikuwa wamemshika mikono asirudi ndani. Mdomo wake ulikuwa wazi lakini sauti haikufika. Benigna alifuata alikokuwa akitazama. Kiti kipya kilikuwa kimelala ubavu. Saimon hakuwemo. Bango la turubai lilikuwa limeng'olewa kwenye nguzo zake, liko chini limejikunja, na chini yake kitu kilikuwa kinatikisika. Juu ya turubai nyuki walikuwa weusi kama lami.

"Saimon yuko mle," Benigna alisema.

Bibi Aurelia aliuliza kama zimamoto wamepigiwa simu. Sharifa alisema amemsikia mtu akipiga. Hakuna aliyejua watafika lini. Turubai likatikisika tena, safari hii kidogo.

Benigna aliwasha gari, lakini hakuondoka. Aligeuka kumtazama Sharifa, na Sharifa alielewa kabla hajaambiwa. Kumfikia Saimon kungekuwa rahisi. Kumwingiza, lazima mlango ufunguliwe.

"Mama Mapunda, nina mtoto," Sharifa alisema.

"Najua."

"Nikishuka naye hapa, nyuki wako hapa pia."

"Najua, mdogo wangu."

Kumwamuru hakuweza. Angemwamuru vipi, yeye aliyempita Saimon kwa miguu yake? Aliangalia usukani. Nje Careen alikuwa amekaa chini barabarani, wale wanaume bado wamemshika.

Sharifa alifungua khanga aliyojifunga kiunoni, akamzungushia Zulfa kuanzia kichwani mpaka miguuni, akampakatisha Bibi Aurelia. Bibi alimweka mtoto mapajani, akainama juu yake kwa mwili wake wote na kujifunika kitenge. Mtoto akaanza kulia mle ndani. Sharifa alivuta ushungi ukafunika uso, likabaki jicho.

"Nenda," alisema. "Mlango nitafungua mimi."

Benigna alipiga honi mfululizo, watu wakaachia geti. Gari lilipanda ukingo, likalala juu ya maua waliyoyapanda wenyewe, likakata uwanja moja kwa moja. Nyuki walianza kugonga vioo kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye bati, wachache kwanza, kisha kioo cha mbele kikajaa na Benigna akawa anaendesha kwa kukisia. Alisimama alipodhani mlango umeelekea turubai. Alikosea kidogo. Akarudi nyuma, akiogopa kwa moyo wote asimkanyage mtu aliyekuja kumwokoa. Sharifa akasema basi, hapohapo.

Mlango ulipofunguka, kelele yote iliingia. Benigna alishuka upande wake na kuzunguka. Hakukumbuka baadaye kama aliumwa wakati huo. Alikumbuka turubai lilivyokuwa la moto, na uso wa Saimon chini yake, umevimba mpaka macho hayaonekani. Walimshika kwapani wakamvuta. Kiwiliwili kikafika kwenye kizingiti cha gari kikagoma. Alikuwa mzito, na miguu yake ilivuta nyuma kama magunia. Saimon alinyoosha mkono akapapasa, akashika chuma cha chini ya kiti na kujivuta kwa nguvu za mabega. Akasogea kidogo. Akakwama tena.

Kisha miguu ikainuka. Pankrasi alikuwa ametokea upande wa vyoo alikokuwa amejificha, gunia lililolowa maji kichwani, akaikumbatia miguu ya Saimon na kuisukuma ndani. Sharifa akaingia juu ya Saimon, Benigna akakimbilia usukani. Nafasi ya mtu mwingine haikuwepo, na kungoja pia haikuwezekana. Pankrasi aliubamiza mlango kutoka nje, akageuka akakimbia.

Safari ya hospitali haikuwa ndefu, ila nyuki walikuwa ndani. Benigna aliendesha jicho moja likifumba, honi haikukatika. Nyuma, Sharifa alikuwa akiua nyuki kwa viganja na kumwita Saimon kwa jina. Usilale, alimwambia, usilale, Careen anakuja. Saimon alikuwa akipumua kama mtu anayevuta hewa kupitia tundu la sindano. Kati ya kumwita na kumwita, Sharifa alikuwa akisoma dua, na chini ya kitenge Bibi Aurelia alikuwa kwenye Salamu Maria, na Zulfa analia katikati yao. Kuna mahali, karibu na mzunguko wa barabara, pumzi za Saimon hazikusikika. Hakuna aliyethubutu kulisema. Benigna alikanyaga mafuta. Kisha ikaja pumzi moja, chafu, ya kukwaruza, na Sharifa akaanza upya kumwita.

Wauguzi walimpokea mlangoni wakampeleka ndani, mbiombio. Muda si mrefu Sharifa naye aliketi sakafuni akisema koo linabana, wakamchukua. Zulfa alikuwa ameumwa sikioni tu. Bibi Aurelia alikuwa na uvimbe mgongoni ambao hakutaka kuuhesabu. Yeye alibaki kwenye benchi na mtoto, na Benigna kando yao, mkono umevimba hata pete ikabidi ikatwe.

Careen alifika kwa bodaboda. Alipita mbele ya Benigna bila kumsalimu, akasimama kwenye mlango wa chumba alimoingizwa mumewe, akaweka paji la uso kwenye ubao. Alikaa hivyo mpaka daktari alipotoka. Daktari alisema dawa imeanza kufanya kazi, koo limefunguka, ila hawezi kusema zaidi ya hapo mpaka kesho. Jioni habari zikaja kwamba zimamoto wamefika bustanini na kuzima majani, na kwamba walioumwa ni wengi lakini hakuna aliyefariki.

Pankrasi alikuja na uso usiotambulika. Alimkuta Sharifa kitandani ametundikiwa dripu, mumewe pembeni. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Dada Sharifa, jiko lilikuwa langu," alisema.

Sharifa alijibu kwa tabu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelifukuza likaenda mtini. Ndipo Benigna, aliyekuwa mlangoni, akawaambia habari za Bashiru: kwamba aliambiwa, kwamba aliuona moshi, kwamba alichagua kumaliza hotuba. Alisema bila kujipamba. Hakuna aliyemlaumu na hakuna aliyemfariji. Mume wa Sharifa alimtazama kwa muda, kisha akainama kumfunika mkewe shuka.

Saimon alivuka usiku ule. Kesho yake alasiri, Benigna alipoingia wodini, aliwakuta wanachama wamemzunguka na machungwa na juisi. Simu zilikuwa zikizunguka. Mtu alikuwa amepiga picha gari likikatiza bustanini, na katika kundi la klabu kila mtu alikuwa akimwita mwenyekiti shujaa. Walimsimulia Saimon jinsi Mwalimu alivyorudi. Saimon alikuwa amefumbua jicho moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

Walipoondoka, Careen alikwenda kuosha vyombo. Benigna alibaki peke yake na Saimon.

"Ulinipita," Saimon alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuita."

"Nilikusikia, Saimon. Nilisikia nikapita."

Wodi ilinuka dawa na maganda ya machungwa.

"Wote walinipita," Saimon akasema. "Wewe ndiye uliyerudi. Nashukuru, nina mtoto mdogo. Lakini nilitaka ujue kwamba nilikuona, ili tukikutana tusitazamane kwa kujificha." Akapumzika kidogo. "Na mimi sikutaka kuwekwa pale. Nilikwambia nyumbani."

"Uliniambia."

Benigna alimmenyea chungwa, na Saimon akala vipande viwili.

Jioni hiyo aliandika kwenye kundi la klabu kwamba wasimwite shujaa, na akaeleza sababu zote, ya Bashiru na ya kumpita Saimon. Wengine walimjibu kwa maneno ya Mungu. Wengine hawakujibu kabisa. Alijiandaa kwamba kwenye kikao kijacho wangemwondoa, na katika hilo hakuwa na kinyongo.

Kikao kilifanyika Septemba, upepo wa vumbi ukivuma, katika chumba walichokuwa wakikitumia siku zote, ukumbi mdogo wa ghorofani juu ya duka la Pankrasi. Ajenda ya kwanza ilikuwa mwenyekiti, abaki au aondoke. Walikuwa hawajaifungua waliposikia mtu anaita kutoka chini.

Sharifa, aliyekuwa karibu na dirisha, alichungulia. Alikuwa Saimon. Alikuwa amejisukuma mwenyewe kutoka nyumbani kwake, shati limelowa jasho, mpini mmoja wa kiti umepinda tangu siku ile. Alisema amekuja kuomba uanachama, si kuombewa, na kwamba ana hoja kuhusu namna klabu inavyotoa misaada yake. Kisha akazitazama ngazi, akatazama dirishani, akangoja.

Mle ndani walitazamana. Walikuwa wamekaa katika chumba hicho miaka yote, wakipanga viti vya magurudumu na magongo ya watu, na hakuna aliyewahi kuziona zile ngazi. Pankrasi alisema watashuka vijana wambebe. Wawili wakasimama.

"Hapana," Sharifa alisema. "Hajaomba kubebwa."

Benigna aliinua kiti alichokuwa amekalia, kiti cha plastiki, akakikumbatia na kuanza kushuka. Alisikia nyuma yake viti vingine vikiburuzwa, wengine wakilalamika habari ya upepo, Bibi Aurelia akiuliza nani atambebea chake. Walikaa nje mbele ya duka, vumbi likiwapiga machoni, wapita njia wakigeuka kuwatazama. Ilichukua muda kila mtu kupata mahali.

Saimon akiwa amekaa katikati yao, Pankrasi, aliyekuwa anaongoza kwa siku hiyo, alikohoa na kusema turudi kwenye ajenda ya kwanza. Benigna aliweka mikono mapajani na kusubiri kusikia watakachosema.